Gardiene Yenye Kukatwa Mukia

Hapana, hapana, kofia hii haikukuwa ya bwana yangu. Bwana yangu kichwa yake ilikuwa kidogo kama ndimu. Angeivaa, ingemufunika mpaka ku mabega, tungemutafuta ndani. Na usisogeze pua pale, weye. Iko inanuka ndagala tangu siku nilipoificha, na nimeifua na sabuni ya kila serikali yenye ilipita hapa. Sabuni ziliisha, serikali ziliisha, harufu iko.

Kofia hii ni ya Leta. Leta, ile serikali kubwa yenye ofisi, njo biro, na muhuri, njo kashe. Njo kitu kimoja tu ilitupatia sisi wamama ya ku ziwa, na hata ile ilitupatia kwa kukosea.

Chekeni tu. Minye sikusoma, hata A sijui iko na miguu ngapi. Lakini masikio ninayo, na muntu akisema mara moja mbele yangu, sauti yake inabaki mu koo yangu kama mwiba ya samaki. Nitaitoa hata wakati yeye amekwisha kuoza.

Sisi tulikuwa tunaanika ndagala, vile visamaki vidogo ya ziwa, ku muchanga. Wavuvi wanatoka ku maji asubuhi, unanunua, unatandaza, halafu unakaa pale unageuza na kufukuza kunguru, mbwa, na mashemeji. Sasa mutoto utamuweka wapi? Ku mugongo, mpaka anakuwa muzito. Akishuka ku mugongo anaenda ku maji. Watoto yote ya Uvira wanaenda ku maji, hakuna muntu anawafundisha.

Binti yangu ya kwanza alikuwa ameanza tu kutembea. Siku moja nikageuza samaki, nikageuza macho, mutoto hakuna. Jirani alimutoa mu ziwa kwa muguu, kichwa chini, vile wanabebaka kuku ya soko. Akatapika maji, akatapika na kandagala kamoja, kazima, kanaruka bado. Wamama wakasema: "Yesu! Mutoto amevua kuliko baba yake." Juu bwana yangu alikuwa muvuvi, na siku ile alirudi na nyavu tupu.

Tulicheka sana. Halafu nikaketi mu muchanga, nikamushika kwa muguu ule ule mpaka jua ikageuka. Tangu pale nilitaka kitu kimoja tu mu dunia: nyumba yenye mulango, mutoto akae ndani wakati mama anageuza samaki. Sikuomba mbingu. Mulango.

Uhuru ilikuwa imekuja. Wazungu walikuwa wamevuka mupaka kwenda Usumbura, masufuria ku mapaja. Nilikuwa na rafiki mumoja aliyekuwaka anafagia pale watoto yao walikuwa wanachezea. Alirudi kwetu na neno. Alikuwa analisema na midomo mbele, kama anapuliza uji ya moto: "Gardiene."

"Ni nini ile?"

"Ni nyumba ya watoto, dada. Mutoto analala muchana ku kitanda yake mwenyewe. Anakunywa maziwa mu kikombe. Wanamupa mukasi, anakata karatasi."

"Anakata juu ya nini?"

"Juu ya kukata tu. Kazi yake ni kucheza."

"Na nani analipa?"

"Leta."

Leta yenye ilikuwa inatutoza kodi, kumbe kuko watoto ilikuwa inawalipia wacheze! Rafiki yangu akasema: "Sasa Leta ni yetu." Minye nikasema: "Kama ni yetu, basi icheze na watoto yetu."

Kulikuwa hangari moja ya kuwekea pamba karibu na muchanga, yenye wazungu waliacha. Tuliingia, tukafukuza panya, wakarudi, tukafukuza tena, tukapatana nao. Kila siku wamama wawili wanabaki na watoto, wengine wanaenda ku samaki. Hata wamama ya Luberizi, wenye walikuwa wanaleta muchele ku soko, walianza kutuachia watoto yao. Watoto walichezea mbegu ya pamba na mikebe ya sardini. Lakini ile paa! Mvua ikinyesha inje mara moja, ndani inanyesha mara mbili. Na mutoto mwenye kulowa na mwenye njaa anakumbuka ziwa. Tulihitaji mabati, tulihitaji unga ya uji. Twende ku Leta.

Biro ya teritware, njo ya wilaya, ilikuwa na karani mumoja. Mbele ya uhuru alikuwa anabeba mufuko ya muzungu. Muzungu akaenda, mufuko ikabaki, karani akaona: aa, kumbe mufuko njo ukubwa! Akavaa kravate, akaketi ku kiti ya muzungu, akaanza kusemea mu pua, kama muzungu mwenye mafua.

"Wii, madam. Munataka nini, madam?"

Tulikuwa sita, magamba ya samaki ku miguu. Nikasema: "Tunataka Leta ilipie watoto yetu wacheze."

Akatoa miwani, akaipangusa, akairudisha. "Munataka sibsidi."

Minye nilifikiri ametutukana, ao ameona ugonjwa. "Bwana karani, hatuna sibsidi, tuko wazima."

"Sibsidi, madam! Ni msaada Leta inapatia kitu yenye kufaidia watu wote. Lakini haiombwe na mudomo. Inaombwa na barua. Leta haina masikio, iko na macho tu."

Pua pia ilikuwa nayo, juu kile kifurushi ya ndagala tuliacha ku meza kilipokelewa bila barua.

Ku soko kulikuwa katekista mumoja muzee, yeye njo alikuwa anaandikia watu barua. Kila neno alikuwa analivuta kama yuko ku misa. "Seeemeni, wanangu. Ninaaandika." Nikasema: "Andika, baba: tunaomba sibsidi ya gardiene."

Kalamu ikasimama. "Gardieee-ne?"

"Gardiene, baba."

"Binti yangu, Kifaransa kiko na dume na jike, sawa mbuzi. Jike iko na mukia pale nyuma: ne, ne, ne. Dume haina. Sasa nijibu: kulinda ni kazi ya mwanaume, ao ya mwanamuke?"

"Ya mwanaume, baba."

"Unaona? Tukiacha mukia ile, mukubwa atacheka. Atasema: wamama hawa, hata dume na jike hawatofautishe."

Mbuzi dume nayo iko na mukia, lakini nani atabishana na muntu ya Mungu? Akakata. Akaandika *gardien*, gardien ya watoto, akatusomea yote kwa sauti ya Pasaka, tukasema amina. Rafiki yangu mufagiaji akaninongoneza: "Dada, mbona neno imekuwa fupi?" Nikamupiga kiwiko: "Nyamaza. Weye ulikuwa unafagia, yeye alikuwa anasoma."

Kumbuka vizuri, minye njo nilimunyamazisha.

Basi tukapeleka barua. Karani akaiangalia, akasema: "Repase demen, madam." Njo kusema rudini kesho. Tukarudi kesho. "Repase demen." Mvua ya kwanza ikapita, mahindi ikapandwa, ikavunwa, ikaliwa. "Repase demen." Nikawa ninamuigiza ku soko. Ninajifunga kamba ya nyavu ku shingo kama kravate, ninaziba pua na vidole viwili: "Wii, madam! Sibsidi yenu iko njiani, inatembea na makalio!" Watu walikuwa wanaacha kununua nyama ili waniangalie. Siku moja ninaigiza, naona watu hawacheke tena. Nikageuka. Karani yuko nyuma yangu, na kravate yake, minye na yangu.

Nikasema: "Bwana karani, ninajifunza Kifaransa."

Akanyoosha kravate yake, akaenda. Lakini nafikiri aliona: mwanamuke huyu tukimuacha, muji muzima itasemea mu pua. Juma ile ile barua ikapata kashe. Kashe kubwa, ya mviringo, ya buluu. Hatukujua kusoma lakini kashe tuliijua. Tulicheza ngoma ku muchanga mpaka ndagala zikaungua na jua, na hakuna aliyelia. Tukaanza kugombana mabati iwe ya rangi gani.

Siku ya tatu, asubuhi, tukaona muzee mumoja anakuja na barabara ya Luberizi. Koti ya kaki, vifungo vyote vimefungwa mu joto ile. Kofia hii ku kichwa. Firimbi ku shingo, fimbo mu kwapa. Akafika ku mulango ya hangari, akagonga visigino. Alikuwa pekupeku, kwa hiyo visigino vilisema pu tu. Na sauti yake, kila neno peke yake, kama muntu anapiga musumari:

"Gardien. Leta. Imenituma. Mali. Ya kulinda. Iko wapi?"

Tukaangalia nyuma yake kama kuko kamyo yenye kubeba mabati. Kulikuwa mbuzi.

"Baba, umeleta unga?"

"Gardien haleti. Gardien analinda."

Rafiki yangu mufagiaji hakunitazama. Alitazama ziwa, akasema polepole: "Nilisema neno ilikuwa fupi."

Tukakimbia ku biro. Karani akafungua barua, akatuonyesha na kalamu. "Mumeomba gardien ya watoto. Leta imewapatia gardien ya watoto. Kama munataka kubadilisha, ni barua ingine. Repase demen." Alikuwa na furaha mu uso yake, siku ile alinilipa ngoma yangu yote ya soko.

Sasa, ile muzee. Zamani alikuwa amelinda depo ya pamba ya wazungu kule Luberizi, na ile kazi haikumutoka mu damu. Pamba ama watoto, kwake ilikuwa sawa: mali ni mali. Asubuhi anahesabu wanaoingia, jioni anahesabu wanaotoka, na mama akija katikati ya siku anatega fimbo ku mulango, anadai asimame, aonyeshe karatasi: "Alte! Papie!" Mama moja wa Luberizi, mwenye mutoto ya kunyonya, alikuja ananililia: "Yooo, mama we! Huyu muzee ananiuliza papie ya ziwa langu!" Watoto nao wakashika. Ukimukuta mutoto ya gardiene njiani, ananyoosha mukono: "Alte! Papie!" Njo Kifaransa yote watoto yetu walijifunza, na nimeona wakubwa wenye kutawala na ile tu.

Nilitaka kumufukuza. Halafu nikaona firimbi. Akipiga moja, watoto wanasimama. Mbili, wanakaa. Tatu, hata mutoto awe na muguu moja mu maji, anageuka na kurudi mbio. Alikuwa amewafanyia muchezo, anajifanya hakuwaona, wanajificha nyuma ya koti yake, anazunguka: "Mali. Ya Leta. Imeibiwa!" Watoto wanakufa na kicheko. Yeye hacheke. Lakini anazunguka tena. Na tangu siku ile hakuna mutoto mumoja aliyekunywa ziwa. Binti yangu alikuwa analala muchana ku mapaja yake, mukono mu kifungo ya koti. Nilikuwa ninageuza samaki bila kugeuza shingo. Mulango yangu, niliuomba ya mbao, nikapewa ya muntu.

Watoto walipomuita babu, alikataa. "Ku kazi hakuna babu. Minye gardien."

Leta ilimulipa mara moja, halafu ikanyamaza. Alikuwa anakula uji ya watoto, yenye wamama tulikuwa tunachanga wenyewe, na kila mwisho ya mwezi anakung'uta kofia vumbi, anaenda ku biro, anarudi mikono mitupu. Ninamuuliza: "Baba, Leta inasema nini?"

"Leta inachelewa. Haisahau."

Alikuwa muntu peke yake mu Uvira nzima mwenye aliamini ile. Hata Leta haikuamini.

Halafu vita ikafika. Waasi wakaingia na majani ku kichwa, wanasema risasi zitageuka maji. Na karani? Asubuhi kravate, saa sita majani. Meza ile ile, kashe ile ile, pua ile ile: "Wii, kamarade. Unataka nini, kamarade?" Lakini wale wenye hawakuwa na mbio kama yake walipata shida. Waasi walikuwa wanatafuta watu ya Leta ya zamani: mwenye kofia, mwenye koti ya kaki, mwenye kukaa ku kazi.

Tulimuomba muzee atoe kofia. Akatuangalia kama tumemuomba atoe suruali. Nikangoja anaenda kuoga ku ziwa, nikaiba kofia na koti na firimbi. Koti nikailoweka mu maji, kofia na firimbi nikazisukuma chini kabisa mu gunia ya ndagala. Akarudi, akaona hakuna kofia. "Nimeibiwa. Mali ya Leta. Mbele ya macho yangu." Alitafuta siku mbili. Aliwakagua hata watoto mifuko, na wenyewe hawakuwa na mifuko. Tukamuvalisha shati ya bwana yangu, ikamubana ku kwapa, akakaa mu kona amenuna. Tukawafundisha watoto: akija muntu akiuliza, huyu ni nani? Babu! Tena? Babu!

Wakaja. Mukubwa yao alikuwa kijana mwenye kusoma, sauti polepole, tamu, kama mwalimu mbele ya inspekta. Akachuchumaa kati ya watoto. "Mambo yenu, wadogo zangu. Na yule ni nani?"

"Babu!" Wote pamoja, vizuri kabisa.

Akacheka. Akasema mapinduzi inapenda watoto, siku moja shule zote zitakuwa bure, na maziwa, na mabati. Akasimama, akapangusa magoti, akageuka kwenda.

Sasa njo mudomo yangu. Alikuwa anaenda! Mugongo yake ilikuwa imefika ku mulango. Lakini minye nilisikia *mabati*. Miaka yote ninaomba mabati, leo imetajwa na muntu mwenye bunduki bila mimi kuuliza! Nikaingiza mukono mu kitenge, nikatoa ile barua yenye kashe, yenye karani alikuwa ameturudishia.

"Mukubwa, sisi tulikwisha kuomba sibsidi. Kashe iko. Leta ya zamani ilikosea tu kidogo, ninyi murekebishe."

Akachukua, akasoma na kidole. "Mama, hapa wameandika gardien."

"Ni gardiene, mukubwa. Mukia imekatwa."

"Hapana, mama. Gardien. Mulinzi mumoja, wa serikali." Ile utamu ikapungua mu sauti. "Yuko wapi?"

Nikaona rafiki yangu mufagiaji amefumba macho. Nikasema jambo la kwanza lenye lilikuja: "Alikimbia, mukubwa. Aliposikia munakuja tu, alitupa kofia, akakimbia kama mwanamuke, akavuka Usumbura."

Na ilikuwa inafaa! Kijana alikunja barua. Askari yake walikuwa wameanza kucheka. Niliongeza na mikono, nikaigiza: muzee anakimbia, anashika suruali, anaanguka, anaamuka. Niliigiza vizuri mno. Watoto wakacheka. Wote wakacheka, isipokuwa kona moja.

Nitawaambia kwanza yenye ilikuja nyuma, juu nikisema ile neno yenye muzee alisema, sitasema tena kitu. Hawakumupiga. Walimubebesha sanduku yao, wakapanda naye njia ya milima ya Rurambo, shati ya bwana yangu imepasuka ku kwapa. Binti yangu alimufuata mpaka ku barabara, mukono juu: "Alte! Papie!" Hakugeuka, na hakurudi. Kila mama alichukua mutoto yake kwa mukono siku ile ile. Kesho yake hangari ilikuwa tupu. Baadaye askari ya serikali walirudi, wakalala mule, wakachoma mulango kupikia. Karani alivaa tena kravate. Minye nilirudi ku muchanga, binti yangu nimemufunga kamba ku kiuno, kamba ku muguu yangu, sawa mbuzi.

Kijana alikuwa amekwisha kukunja barua, ninawaambia, muguu moja iko inje. Muzee akasimama mu kona. Akafunga kifungo ya juu ya ile shati. Akagonga visigino: pu.

"Sikukimbia. Na siko babu ya muntu. Niko gardien ya Leta, na Leta haijaniambia niache kazi."